Maswali na majibu: Laptopu ya zamani ipewe Linux gani?

Tangu masasisho ya kawaida ya Windows 10 yakome Oktoba 14, 2025, ujumbe ninaopokea unafanana: laptopu nzima, kioo hakina hata mkwaruzo, lakini fundi kasema haipandi Windows 11, tafuta nyingine. Wengi huishia kuuliza kuhusu Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Nimeokota maswali machache. Mengine yanajibika kwa mistari miwili, na nimeyajibu kwa mistari miwili.

Kaka, nimenunua HP EliteBook 840 G1 ya mtumba Kariakoo. Core i5, ramu GB 4, hadi diski (hard disk) GB 500. Nataka Linux ya kusomea chuo, niweke ipi? – Mwanafunzi, Ubungo

Mdogo wangu, fundi hakukudanganya. Prosesa yako ni ya kizazi cha nne, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, tena inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ila hiyo ni sheria ya mwenye Windows. Mashine yenyewe ina nguvu ya kukuandikia asaimenti mpaka umalize chuo.

Weka Linux Mint 22, toleo la Xfce (desktopu nyepesi, nimeieleza kwenye swali linalofuata). Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine maarufu, kwa hiyo ukikwama usiku wa manane, majibu mengi waliyopewa watu wa Ubuntu yatakufaa na wewe. Masasisho yake yanaendelea hadi 2029, na hapo utakuwa umeshahitimu hata ukila sapu.

Sasa nikuambie jambo ambalo wanaobishana kuhusu distro (aina za Linux kama Mint na Ubuntu) hawalisemi. Kinachokuchelewesha zaidi ni hiyo hadi diski. Ndani yake kuna kichwa kinachotembea juu ya sahani inayozunguka, na kila unapofungua programu kinatakiwa kuokota vifaili vidogo vingi vilivyotawanyika. Ni konda anayekusanya nauli kwenye daladala iliyoshona: hela zipo, ila kila mara ajipenyeze. SSD, yaani diski isiyozunguka, haina kichwa cha kutembeza. Tafuta ya SATA, inchi 2.5, inaingia palepale ilipokuwa diski ya zamani. Hela ikibaki, ongeza ramu nyingine ya GB 4. Mashine yako ina nafasi mbili, na ramu yake ni DDR3L. Hiyo herufi L usiiache dukani, maana kuna DDR3 ya kawaida inayofanana nayo kwa macho.

Kabla ya kusakinisha, choma Mint kwenye flashi, washa laptopu huku ukibonyeza F9, chagua flashi, kisha itumie hivyohivyo bila kugusa diski. Jaribu waifai, sauti, kamera. Funika kioo ilale, fungua uone kama inaamka. Itakuwa nzito kwa sababu inasomwa kutoka kwenye flashi, hilo lisikutishe. Na nakili mafaili yako pembeni kwanza. Mimi niliwahi kuchagua kufuta diski yote kwenye laptopu ya shemeji bila kumuuliza. Picha za send-off zilikuwa humo. Mpaka leo nikienda kwao nakaa kiti cha karibu na mlango.

Xfce, MATE, Cinnamon, LXQt: naona majina tu. Mashine yangu ina ramu GB 2. – Tabata

Hayo ni majina ya desktopu, yaani kile unachokiona na kukibonyeza: menyu, upau wa chini, madirisha, namna folda zinavyofunguka. Linux iliyo chini yake haibadiliki. Cinnamon ni nzuri machoni lakini inapenda ramu GB 4 na kuendelea. MATE ni mwendelezo wa GNOME 2, kwa hiyo waliotumia Ubuntu miaka ya 2000 huiona kama nyumbani. Xfce ipo tangu 1996, haina mbwembwe, na ndiyo ninayoitumia mwenyewe. LXQt ndiyo nyepesi kuliko zote hizo nne.

Kwa GB 2 ningekupa Debian 13, distro nyingine, yenye LXQt. Wengi watakutajia Lubuntu, nayo hutumia LXQt, ila Firefox yake huja kama kifurushi cha Snap (namna ya Ubuntu ya kufungasha programu), ambacho kwenye diski ya kuzunguka huchukua muda kufunguka mara ya kwanza. Ya Debian ni ya kawaida. Washa pia zram, inayobana vilivyomo kwenye ramu badala ya kukimbilia diski.

Lakini tusidanganyane: tofauti kati ya desktopu hizi ni MB mia kadhaa, na kurasa tatu za brauza (WhatsApp, YouTube, barua pepe) zinazimaliza zote. Kwa GB 2, dawa kubwa ni kufunga kurasa usizozisoma.

Nina kilaptopu kidogo chenye prosesa ya Atom N270 na ramu GB 1, kimekaa kabatini miaka. Kinaweza kufufuka? – Mwalimu mstaafu, Mbagala

Shikamoo mwalimu. Kinaweza, ila kwa kazi nyepesi. Atom hiyo ni ya biti 32, mtindo wa zamani (mashine za leo ni biti 64), na milango inazidi kufungwa: Ubuntu waliacha siku nyingi, Chrome ya Linux iliacha biti 32 mwaka 2016, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Weka antiX 23, distro nyepesi, ya biti 32, au Debian 12, ambayo italindwa hadi Juni 2028. Utaandika barua, utatunza hesabu za kikundi, utasikiliza taarabu. YouTube mwachie mjukuu na simu yake.

Wengine msichanganye mambo: Core 2 Duo, pamoja na uzee wake, ni biti 64, na Mint inaikubali.

Hii Linux haitanimalizia bando? – Kigamboni

Kushusha Mint ni karibu GB 3, mara moja tu. Flashi hiyohiyo mnaweza kuitumia mtaa mzima. Ukitumia programu ya Ventoy unaweka distro kadhaa kwenye flashi moja na kuchagua unapowasha.

Baada ya hapo tatizo ni masasisho. Snap hujisasisha zenyewe kimyakimya, na vifurushi vyake ni vikubwa. Mint, tangu toleo la 20 la mwaka 2020, haziruhusu mpaka uziruhusu mwenyewe. Kwenye kidhibiti chake cha masasisho unaona kila kimoja na ukubwa wake: chukua ya usalama na brauza, mengine yasubiri uwe ofisini kwenye waifai.

Nina steshenari yenye mashine mbili za zamani na printa ya Canon LBP6030. Nahariri picha kwa Photoshop, kadi za mialiko nafanya kwa Publisher. Nihamie Linux? – Manzese

Dada, mashine ya kuhariria iache ilivyo. Photoshop haina toleo la Linux, na GIMP, hata kama ni nzuri, itakuchelewesha wateja wakiwa wamesimama foleni. Faili la Publisher linafunguka kwa LibreOffice Draw, lakini huwezi kulihifadhi tena kama la Publisher, na mpangilio huweza kuhama.

Mashine ya pili, ile inayopokea flashi za wateja, hiyo ndiyo ya kuhamisha kesho. Unavijua vile virusi vinavyoficha folda za mteja na kuacha njia za mkato? Vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Ukichomeka flashi hiyo kwenye Mint, folda zinaonekana na kirusi kimelala kama faili lolote. Hati nyingi za Word zitafunguka. Sakinisha fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana sawa na Calibri na Cambria, ili CV ya mtu isiruke ukurasa. Kwa usalama zaidi, waombe wateja walete PDF.

Printa yako Canon wameitengenezea driva (programu inayoiunganisha na kompyuta) ya Linux, UFR II LT. Inafanya kazi, ila kuisakinisha kunataka utulivu, kwa hiyo ifanye Jumapili duka likiwa limefungwa. Ukija kununua nyingine, printa nyingi za HP huwa hazisumbui.

Nimeweka Mint kwenye Dell, waifai haipo kabisa. – Gongo la Mboto

Huenda ni kadi ya Broadcom. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB, fungua kidhibiti cha driva, kubali inayopendekezwa, zima na kuwasha.

Kuna Linux ya Kiswahili? – Mwananyamala

Ilianza hapahapa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, mwaka uleule Ubuntu ilipotoka. Leo menyu za Kiswahili zipo, lakini nusunusu: mstari mmoja Kiswahili, unaofuata Kiingereza, kwa kuwa wanaotafsiri ni wa kujitolea na ni wachache. Mimi yangu nimeiacha Kiingereza kwa sababu moja tu: kosa likitokea, nanakili maneno yake kama yalivyo na kuyatafuta.