Kijijini kwetu ni wapi

Mama, hujambo? Meseji yako nimeirudia kuisoma, kwamba wazee wa mchumba wako wameuliza kijijini kwenu ni wapi, ukajibu Mbagala, hapa Dar, wakacheka. Achana nao. Ila ngoja nikwambie habari ya hilo neno lenyewe, maana bibi yako, ambaye wewe umerithi jina lake, kwao hakuwahi kupaita kijijini.

Yeye alisema "mji wangu". Na huo mji kule Lindi ulikuwa nyumba mbili za udongo, jiko na mikorosho kumi na tisa ambayo nilikuwa naihesabu kila nikitumwa kuni, jirani mpaka upige ukelele ndo asikie. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kuishi vijijini ni amri, mwaka uliofuata likaja lori na mgambo, mimi nina miaka tisa, tukapakia mahindi, kuku, na mlango. Mlango mama! Bibi yako aliung'oa mwenyewe na fremu yake. Tukashushwa porini penye vigingi, hapa kwako hapa kwa fulani, mstari mnyoofu, kiongozi akasema hiki sasa ndo kijiji chenu. Bibi yako akamwambia mbele za watu: mji ninao, mnanipa kijiji, mbona mnanipunguzia?

Hakujibiwa. Korosho za mwaka ule zilidondoka zikaozea kulekule, kuzifuata ni nusu siku kwa miguu. Ndo maana siku zote nawaambia, kwenu ni pale ulipopanda.

Halafu nabishana na nafsi yangu. Shule niliipata kijijini, dakika tano tu natembea, kule kwenye mikorosho nani angekuja kunifundisha? Sheria ya vijiji ya 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250, na zilivyokuwa nyingi vile msiba ukitokea hukosi watu, hata bibi mwenyewe akapata mwenzake wa kusuka naye ukili, wakawa kama ndugu. Lakini kumhamisha mtu kwa bunduki, msimu umekaribia, jamani! Nataka kusema walikosea, kalamu inagoma, maana na hii barua naiandika kwa sababu ya shule ile. Basi niishie hapo, ingawa muungurumo wa lile lori bado ninao masikioni.

Sasa wakwe zako. Waambie Lindi, jina la kijiji nitakutajia kwenye simu, na la mji wa bibi pia, siku hizi wanapaita mahameni tu. Ila Mbagala usiifute, huku ni mtaa sio kijiji, lakini ule mwembe uani uliupanda wewe ukiwa darasa la nne, na kwenu ni pale ulipopanda.

Na mlango upo. Bibi alipohamia kwangu alikuja nao tena, ndo ule wa chumbani kwake uliokuwa unaubamiza ukikasirika.

Baba