Kabla ya kumwaga dawa: namna ya kumkagua samaki wa bahari anayeumwa

Ukiona doa jeupe kwenye pezi la samaki wako, usianze na doa. Anza na mashavu. Magonjwa yanayoua samaki wa bahari kwa haraka hushika matamvua mapema, mara nyingi kabla ngozi haijaonyesha kitu, na anayesubiri madoa yajae ndipo aamini huwa amechelewa. Pumzi ya samaki na kasi ya ugonjwa hukueleza mengi kuliko rangi ya doa.

Kaa mbali kidogo na tangi kwa dakika tano bila kusogea. Samaki akikuona karibu hubadilika: mwoga hujificha, mlafi hukimbilia kioo akidhani chakula kimefika, na vyote viwili huficha dalili. Kisha hesabu ni mara ngapi kifuniko cha shavu kinafunguka kwa sekunde 30, uzidishe kwa mbili. Hakuna namba moja inayofaa samaki wote, kwa sababu mdogo hupumua haraka kuliko mkubwa na maji yakipata joto kila mmoja huongeza mwendo. Kwa hiyo namba ya maana ni ile uliyoiandika akiwa mzima. Kama hukuwahi kuihesabu, mlinganishe na mwenzake wa aina ileile au wa ukubwa uleule. Angalia pia kama mashavu yote mawili yanafanya kazi. Samaki anayepumulia upande mmoja huku shavu la pili limebanwa mara nyingi ana minyoo bapa kwenye matamvua, au ameumia upande huo.

Halafu jiulize: anayehema ni mmoja au ni wote? Wakiwa wote, na jana walikuwa wazima, shuku maji kwanza. Tazama na wasio samaki. Vimelea vya samaki havimgusi kamba, kaa wala konokono. Kamba akilala ubavu, konokono wakidondoka kwenye kioo na matumbawe yakijikunja wakati samaki wanahema, tatizo ni sumu au upungufu wa oksijeni, na hakuna dawa ya vimelea itakayosaidia. Dawa ya mbu iliyopulizwa chumbani, mvuke wa rangi ya kupaka ukuta, sumaku ya kusafishia kioo iliyopasuka ikaanza kutu, hita iliyopata ufa: haya ndiyo ya kukagua. Mahali samaki anaposimama pia pana maana. Aliye juu kabisa, mdomo ukigusa uso wa maji, anatafuta oksijeni. Anayejipanga mbele ya pampu, kichwa kikielekea mkondo, saa nzima hatoki hapo, mtilie shaka ya velveti, ugonjwa wa vimelea ambao nitaueleza hapa chini.

Pima maji kabla ya kufanya lolote, hata kama uliyapima juzi. Amonia iwe sifuri. Kwa pH ya bahari, yaani 8.0 hadi 8.4, sehemu ya amonia iliyo katika hali yake ya sumu ni kubwa kuliko katika maji yenye pH ya chini, kwa hiyo usiseme "ni kidogo tu." Nitriti ikionekana ni dalili kwamba chujio halijakomaa au limevurugika, lakini yenyewe haiwi sumu kali kwa samaki wa bahari kama ilivyo kwa wa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu kloridi iliyomo kwenye chumvi huizuia isipenye kwenye matamvua. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27. Chumvi iwe gramu 35 kwa kila kilo ya maji, ambayo kwenye refraktomita, yaani kifaa cha kupimia chumvi, ni karibu 1.026 kwa uzito linganishi, na hiyo refraktomita irekebishwe kwa maji ya kipimo ya gramu 35, kwa sababu iliyorekebishwa kwa maji matupu huweza kudanganya kwenye kiwango hicho cha juu unachokihitaji. Kumbuka vilevile kwamba maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu ya maji yasiyo na chumvi kwa takriban sehemu moja ya tano. Pampu ikizimika usiku kwenye tangi lililojaa, asubuhi utaona wote wanahema na utadhani ni ugonjwa.

Kasi ndiyo hutenganisha magonjwa

Maji yakiwa safi na samaki bado hayuko sawa, sasa hesabu siku. Magonjwa manne ya vimelea yanachanganywa sana, na kinachoyatenganisha zaidi ni mwendo wake.

Madoa meupe yanayoletwa na Cryptocaryon irritans huenda taratibu. Utaona punje unazoweza kuzihesabu, kubwa kama chembe za chumvi, zimetawanyika kwenye mapezi na mwili, na samaki mara nyingi bado anakula. Kinachowapoteza watu ni kwamba punje hizo hupotea zenyewe. Kimelea hukaa juu ya samaki siku 3 hadi 7, kisha hudondoka, hujifunga kwenye ganda juu ya mchanga au mawe, hugawanyika humo, halafu hutoa vimelea wachanga wengi kuliko mwanzo. Mwenye tangi hufurahi kwamba kitunguu saumu alichochanganya kwenye chakula kimeponya, kumbe ni awamu tu. Wiki mbili baadaye madoa yanarudi kwa wingi. Dalili nzuri ya kutofautisha ni hii: doa la leo likihama au likitoweka kesho na jingine likatokea kwingine, shuku Cryptocaryon. Doa lililoganda mahali pamoja wiki nzima ni kitu kingine.

Velveti, yaani Amyloodinium ocellatum, haikupi wiki. Hushika matamvua kwanza, kwa hiyo samaki huacha kula, huhema, hukwepa mwanga na kusimama kwenye mkondo wa pampu hali ngozi yake bado safi. Vumbi likija kuonekana, ni laini kama unga uliopepetwa, huwezi kulihesabu, na hulioni ukimtazama samaki kwa mbele. Zima taa za tangi, chukua tochi, mmulike kutoka juu au kwa pembeni akiwa ameinama: ngozi itaonyesha utando wa rangi ya vumbi au dhahabu hafifu. Kutoka hapo mpaka kifo huwa siku mbili au tatu, pengine pungufu. Nikilazimika kuchagua ugonjwa mmoja ambao mtu aanze kuutibu kwa kushuku tu bila uhakika, ni huu.

Brooklynella hostilis huwapenda zaidi samaki klauni, hasa waliovuliwa baharini. Huanzia kichwani kwa ute mzito mweupe unaobanduka kama ngozi inayobambuka, na huua ndani ya siku chache. Tatizo ni kwamba watu huuita velveti na kuutibu kwa shaba, na shaba haiugusi. Dawa inayotakiwa ni fomalini, kwa kipimo cha lebo, maji yakipulizwa hewa kwa nguvu muda wote kwa sababu fomalini hula oksijeni; na wewe uvae glavu, madirisha yakiwa wazi, maana mvuke wake ni hatari kwa binadamu.

Wa nne ni Uronema, mdanganyifu kuliko wote. Hutokea kama alama nyekundu ubavuni, kana kwamba samaki amekwaruzwa na jiwe, na huwapata sana samaki wadogo wa kijani waitwao kromisi. Mkwaruzo hauongezeki. Alama ya Uronema asubuhi ni kama ukucha, jioni imefika mara mbili, na samaki huweza kuendelea kula karibu mpaka mwisho. Nayo haisikii shaba, na kwa kuwa kimelea hiki kinaweza kuishi bila samaki, kuliacha tangi tupu hakukuhakikishii kwamba kimeisha.

Kama ni jeraha

Jeraha hutokea ghafla, kwa samaki mmoja, mara nyingi upande mmoja wa mwili, na kingo zake ni safi. Pezi lililopasuka kati ya miiba miwili, magamba matatu yaliyong'oka, mdomo uliochubuka: kama samaki anakula na pumzi yake ni ya kawaida, mwache kwenye tangi lake, umpunguzie bughudha na umlishe vizuri. Pezi huanza kujiunga ndani ya wiki moja au mbili bila dawa. Kumvua kwa wavu kwa ajili ya mpasuko mdogo ni kumwongezea majeraha.

Tafuta aliyemuumiza. Kuumwa na mwenzake huonekana kwenye mkia na kingo za mapezi. Kangaja wanaopigana hukatana kwa kisu kilicho kwenye shina la mkia, na alama yake ni mstari ulionyooka ubavuni. Anemoni, mnyama wa baharini anayechoma kwa minyiri yake, huacha baka jeupe lisilo na umbo, na mdomo wa pampu huacha duara.

Jeraha kubwa ni hatari kwa sababu ambayo wengi hawaifikirii. Damu ya samaki wa bahari ina chumvi karibu theluthi moja tu ya ile ya maji anayoogelea, kwa hiyo muda wote anapoteza maji mwilini na kuyarudisha kwa kunywa. Ngozi ikichubuka sana, maji yanamtoka kwa kasi. Ndiyo maana kwenye tangi la hospitali, yaani tangi la pembeni la kumtibia mgonjwa, chumvi huteremshwa kidogo, hadi karibu 1.020, ili mwili upumzike na kazi hiyo. Kagua kidonda kila siku kwa pembe ileile na mwanga uleule. Kikizungukwa na wekundu, kikiota utando kama pamba, au kikipanuka, bakteria wameingia na hapo ndipo viuavijasumu vinahitajika, kwa ushauri wa daktari wa mifugo ikiwezekana.

Jicho lililotoka nje hufuata kanuni hiyohiyo. Likiwa moja tu, mara nyingi ni kugonga mwamba. Yakiwa yote mawili, angalia maji na maambukizi ya ndani. Jicho lenye ukungu bila kutoka linaweza kuwa mkwaruzo au minyoo bapa ya Neobenedenia, ambayo hupenda kukaa pale na ni kama vioo, haionekani kwa macho.

Hiyo minyoo ina kipimo chake rahisi. Andaa ndoo ya maji yasiyo na chumvi wala klorini, joto sawa na la tangi, pH iliyosawazishwa kwa magadi ya kuokea, yaliyopulizwa hewa kwa nusu saa. Mwingize samaki kwa dakika tano, usibanduke hapo. Akilegea kabisa au akianza kugeuka mtoe. Ndoo iwe ya rangi nyeusi. Minyoo ikifa hugeuka myeupe na kudondoka, nawe utaiona chini kama vipande vidogo vya magamba. Samaki wengine hulala chini dakika ya kwanza kwa mshtuko, wakarudi kuogelea. Baada ya hapo tiba ni praziquantel, miligramu 2.5 kwa lita, kisha kipimo cha pili baada ya siku 5 hadi 7, kwa kuwa dawa haiui mayai.

Vinundu vinavyofanana na koliflawa kwenye kingo za mapezi ni limfosistisi, ugonjwa wa virusi. Hauna dawa, huisha wenyewe kwa wiki au miezi, na mara nyingi huchochewa na usumbufu. Vishimo vya kichwani na kwenye mstari wa ubavuni kwa kangaja na kitatange havina haraka: boresha mlo, ongeza mwani, punguza mkaa wa kuchujia. Kinyesi cheupe chembamba kama uzi, pamoja na tumbo kubonyea ingawa anakula, mara nyingi ni vimelea vya utumbo.

Kuna na mambo yanayoonekana ugonjwa kumbe ni tabia. Kangaja wa bluu hulala ubavu kati ya mawe akiogopa. Tasi hupata mabaka ya kahawia usiku. Baadhi ya pono hujifunika ute wakilala. Na punje nyeupe asubuhi zinaweza kuwa mchanga au viputo vya hewa. Tazama tena baada ya saa moja.

Ukishajua, wapi umtibu

Shaba, dawa ya Cryptocaryon na velveti, haiwekwi kwenye tangi kuu hata siku moja. Huua kamba, konokono na matumbawe, na mawe huinyonya hivyo kipimo hakitulii. Tumia tangi tupu la lita 40 hadi 80, lisilo na mchanga wala mawe, lenye hita, chujio la sponji lililokomaa na vipande vya bomba la plastiki vya kujificha. Toa mkaa, zima skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) na taa ya UV. Shaba ya ioni hufanya kazi kwenye miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Ile iliyofungwa kwa kemikali hutaka karibu 2.0 hadi 2.5, na kila moja ina kipimio chake. Ukitumia kipimio cha moja kupima nyingine utamuua samaki au utakuwa humtibu kabisa. Ipandishe taratibu kwa siku mbili, isipokuwa velveti ikiwa imeshika kasi, na uishikilie juu ya kiwango cha chini kwa siku 14 hadi 30 bila kushuka hata mara moja. Pima amonia kila siku, kwa sababu chujio dogo hulemewa haraka.

Samaki akifa, usimtupe kwanza. Ndani ya saa moja inua kifuniko cha shavu: matamvua mazima ni mekundu, yaliyopauka au kujaa ute yanaelekeza kwenye vimelea. Ukikawia, vimelea vingi huwa vimeshamwacha na rangi imebadilika. Ikiwa ni Cryptocaryon au velveti, waliobaki wote wameambukizwa hata kama wanaonekana wazima, kwa hiyo wote wanaingia kwenye matibabu. Tangi kuu likae bila samaki hata mmoja. Wafugaji wengi huhesabu siku 76, kwa sababu maganda ya Cryptocaryon yamewahi kuchukua hadi siku 72 kupasuka. Kamba na matumbawe yabaki humo, yalishwe kama kawaida, na wavu uliotumika hospitali usiguse maji yake.