Mawazo ya saibapanki kutoka Kowloon

Ndugu, umeuliza utapata wapi mawazo ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wenye mandhari ya saibapanki (hadithi za siku zijazo zenye teknolojia ya juu na maisha duni ya mijini), kwa kuwa filamu unazozitazama zimeanza kufanana. Ningekushauri usome habari za Kowloon Walled City, mtaa wa maghorofa yaliyosongamana huko Hong Kong, uliobomolewa kati ya 1993 na 1994, ambamo watu zaidi ya 30,000 walibanana katika hekta 2.6 hivi, pamoja na madaktari wa meno wasio na leseni, viwanda vidogo vya chakula na vichochoro visivyofikiwa na jua. Ramani yako ichore kwenda juu, ghorofa kwa ghorofa, kisha amua ni nani anayemiliki bomba la maji, maana ugomvi wa wahusika utaanzia hapo. Taa za neoni, kwa maoni yangu, zinaweza kusubiri.