Maswali ya Wasomaji: Fulana Inayochapwa Mteja Akishalipa

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa sanaa, ninaishi Pasua, Moshi. Nina michoro yangu ya Kibo, ya migomba na ya wagumu wakipanda na mizigo kichwani. Mdogo wangu anaongoza wageni mlimani, naye ananiambia kwamba wageni wakiiona kwenye simu yake huuliza inauzwa wapi. Sina mtaji wa kununua fulana mia na kuzirundika ndani. Nimesikia kwamba mtu anaweza kuwa na tovuti yake, mteja akaagiza, kisha kampuni ya nje ikachapa na kumtumia. Je, jambo hilo linawezekana nikiwa Moshi, na bei nipange vipi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Linawezekana, ila ndani ya swali lako mna maswali mawili, kwa sababu mgeni aliyekwisha kurudi kwao Marekani na jirani yako wa Pasua si wateja wa aina moja, na fulana zao hazifai kuchapwa mahali pamoja.

Tuanze na mgeni. Kampuni kama Printful, iliyoanzishwa Latvia mwaka 2013, na Printify, ambayo hupeleka oda kwa wachapaji wa nchi mbalimbali, huunganishwa na duka lako la mtandaoni la Shopify, ambayo ni huduma ya kujengea maduka ya aina hiyo, au la WooCommerce, ambayo ni programu ya bure ya kuongeza duka kwenye tovuti ya WordPress. Unapakia mchoro na kupanga bei, na mteja akilipa, oda inakwenda yenyewe kwa mchapaji. Faida kubwa kwako ni kwamba fulana ya mteja wa Marekani inaweza kuchapwa hukohuko. Tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imeondoa msamaha wa ushuru uliokuwa ukivihusu vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800, na Umoja wa Ulaya ulianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa kila kifurushi kutoka nje, hata kiwe kidogo namna gani, tarehe 1 Julai 2021. Fulana moja ukiituma kutoka posta ya Moshi, mteja wako anaweza kudaiwa fedha ambazo hakuzitarajia, na lawama utabeba wewe.

Wanaoisifu biashara hii kwamba haihitaji mtaji husahau jambo moja. Kampuni ya uchapaji hukukata gharama zake mara oda inapoingia, ilhali fedha alizolipa mteja zinaweza kuchukua siku kadhaa kukufikia. Oda kumi zikiingia mwishoni mwa wiki moja, bila akiba kwenye kadi yako zitakwama. Kabla ya kuchagua njia ya kupokelea malipo, hakikisha pia kwamba inawaruhusu wafanyabiashara walioko Tanzania kupokea fedha, kwani kuruhusiwa kulipa si sawa na kuruhusiwa kupokea.

Kwa jirani yako wa Pasua, au mteja wa Arusha, Dodoma na Dar es Salaam, sioni sababu ya kuagiza fulana Ulaya. Tafuta fundi wa kuchapa hapo mjini ambaye atakubali kazi ya fulana mojamoja, na hapa aina ya mashine ina maana kubwa. Uchapaji wa skrini unalipa kwa oda kubwa tu, maana kila rangi huandaliwa fremu yake. Wino wa sablimesheni hugeuka mvuke kwa joto na hushika kwenye poliesta na vikombe vilivyopakwa dawa maalumu, lakini kwenye pamba haukai. Kwa oda ya fulana moja ya pamba yenye rangi nyingi, ulizia DTF, ambapo mchoro huchapwa kwanza kwenye karatasi ya plastiki kisha hubandikwa kwenye nguo kwa mashine ya joto.

Mimi mwenyewe niliwahi kumpelekea fundi mmoja mchoro wa twiga uliopendeza sana kwenye simu. Fulana nyeusi ilirudi ikiwa na twiga ndani ya mraba mweupe, kama picha ya pasipoti iliyobandikwa kifuani, kwa sababu faili langu lilikuwa la JPEG, ambalo haliwezi kuwa na usuli wazi, yaani sehemu ya nyuma ya mchoro isiyo na rangi yoyote. Kingo nazo zilikuwa na vijino kama vya msumeno. Hifadhi mchoro wako katika faili la aina ya PNG lenye usuli wazi, kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi. Eneo la sentimita 30 kwa 40 linahitaji takriban pikseli 3,543 kwa 4,724. Kisha agiza fulana moja kwa fedha zako, uifue mara tano, uianike juani, uivute kidogo, ndipo uiweke dukani.

Kuhusu bei, tuchukue mfano. Tuseme fulana na uchapaji ni shilingi 18,000, usafiri wa basi kutoka stendi analipa mteja, makato ya malipo ni asilimia 3, na katika kila fulana ishirini moja inaharibika, kwa hiyo kila moja inabeba shilingi 900 za hasara hiyo. Ukiuza kwa 25,000, kinachobaki ni 5,350. Ukiuza kwa 35,000, ni 15,050. Kama tovuti na intaneti vinakugharimu 60,000 kwa mwezi, kwa bei ya kwanza utauza fulana kumi na mbili ndipo uanze kupata, na kwa bei ya pili fulana nne. Kodi bado hatujaigusa. Wengi hupanga bei kwa kumtazama muuza mitumba, nami naona wanajinyonga wenyewe, kwa kuwa mnunuzi wa mchoro wako hatafuti tu nguo ya kuvaa.

Wateja wa ndani watapenda kulipa kwa simu, na kampuni kama Selcom na Pesapal huunganisha tovuti na malipo hayo pamoja na kadi. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, TRA, na uulizie leseni manispaa. Ongeza pia mifuko ya kitambaa kwenye duka lako. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila nyumba inaihitaji, nayo haina usumbufu wa saizi.

SWALI: Mhariri, mimi niko Ngarenaro, Arusha. Nataka kuuza mtandaoni fulana na vikombe vyenye nembo za Simba na Yanga. Kuna tatizo? Si wengi tu wanauza?

JIBU: Lipo, ndugu yangu. Nembo ni mali ya klabu, na bila idhini yao ya maandishi huna haki ya kuichapa kwa biashara, hata kama jirani yako anaichapa. Muuzaji wa barabarani hukunja turubai akaondoka, lakini tovuti yako ina jina lako, namba yako ya simu na kumbukumbu ya kila oda uliyouza. Kampuni za uchapaji za nje nazo hukataa michoro ya namna hiyo na zinaweza kukufungia akaunti. Ukitaka kuwauzia mashabiki, iandikie klabu uombe leseni, ukieleza ni bidhaa gani, idadi gani na kwa muda gani, na usichape hata kikombe kimoja kabla ya kupata jibu.