Hukumu ya kununua korosho zikiwa bado maua

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nina duka kijijini, wilaya ya Newala. Mwezi wa sita na wa saba wakulima hawana kitu. Huja kuchukua unga na sabuni, nami naandika daftarini. Msimu ukifunguliwa wananilipa korosho kwa kopo la kangomba, yaani biashara ya korosho nje ya mfumo rasmi. Tunaliita kilo, ila ukilipima kwenye mizani linazidi. Bei tumeshaifunga tangu mkorosho una maua. Lakini korosho zetu nyingi zinapelekwa India na Vietnam zikiwa ghafi, na wenye faida kubwa wako huko. Je, dhambi ni yangu mimi mwenye duka?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Allah akulipe kheri kwa kuuliza.

Kopo halina mjadala. Ukiliita kilo na si kilo, umepunja, na mwanzo wa Surat Al-Mutaffifin unamsema mtu wa namna hiyo hasa: akijipimia hutimiziwa, akiwapimia wenzake hupunguza. Litupe.

Ama maua, Ibn Umar amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda mpaka uzima wake udhihiri, alimkataza muuzaji na mnunuzi. Na katika hadithi ya Anas akauliza: Allah akiyazuia matunda hayo, mmoja wenu atachukua mali ya nduguye kwa haki gani? Ugonjwa wa ubwiriunga ukiingia mwezi wa saba, ua linakauka na deni linabaki. Tena mkulima aliyekwisha kuuza hana hamu ya kupulizia dawa ya salfa mikorosho ambayo faida yake si yake. Shamba linadhoofika mwaka hadi mwaka, nawe unaona.

Utaniambia: mbona salam, yaani kulipa kwanza na kupokea bidhaa baadaye, inaruhusiwa? Kweli. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakitanguliza malipo ya matunda kwa mwaka na miwili, akawataka kipimo maalumu, uzito maalumu na muda maalumu. Lakini kwetu Mashafi thamani yote hutolewa pale pale mnapofunga mkataba, wala mazao hayafungwi kwenye mti fulani. Wewe unatoa unga leo, sabuni wiki ijayo. Hiyo si salam.

Na kuna jambo zito zaidi ambalo wenye maduka wengi hawalijui: katika madhehebu ya Shafi, chakula hakibadilishwi kwa chakula ila mkono kwa mkono. Unga wa leo kwa korosho za mwezi wa kumi ni riba, hata bei ingekuwa nzuri namna gani.

Kuhusu hao wenye faida kubwa huko India na Vietnam, Qur'ani imesema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Aya hiyo inakata pande zote mbili. Mwanamke anayebangua korosho Kollam, India, utomvu wa ganda ukimla vidole, haki yake iko kwa mwajiri wake, na tajiri akiipokonya ataulizwa. Dhulma yake haisafishi daftari lako.

Sasa fanya hivi. Uza unga kwa mkopo, bei itajwe kwa shilingi siku hiyo hiyo. Ukizidisha kidogo kuliko bei ya taslimu na mteja akaridhika, inafaa, mradi isiongezeke akichelewa. Akulipe shilingi akishapokea fedha za AMCOS, chama cha ushirika kinachouza korosho za wakulima. Najua malipo ya mnada huchelewa, na huo ndio mlango wa kangomba hata baada ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, kuanza mwaka 2007. Subiri. Ambao bado wanadaiwa, warudishie hesabu kwa bei ya unga ya siku waliyochukua. Uliowazidishia misimu iliyopita, warejeshee au waombe wakuhalalishie kwa ridhaa, si kwa haya ya kukutana dukani. Asiyejulikana alipo, wala warithi wake, mtolee sadaka kwa niaba yake.

Wallahu a'lam.