Gasketi mbili haziokoi injini yenye supachaja

SWALI: Fundi, nina Mini ya zamani yenye injini ya A-Series ya cc 1275, na nimepata supachaja ndogo ya kusukuma hewa kwa shinikizo la nusu ba. Mgandamizo wa silinda sasa ni 10 kwa 1. Nimeshauriwa niweke gasketi mbili za hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ili ushuke, nitie valvu kubwa za kuingiza hewa na kung'arisha njia zake kama kioo. Niendelee?

JIBU: Gasketi mbili usiweke kabisa. Ushauri huu nausikia kila mara, na anayeutoa huwa hayupo siku injini inapofunguliwa.

Piga hesabu. Kila silinda yako ina takriban cc 319. Kwa 10 kwa 1, pistoni ikifika juu hubaki nafasi ya cc 35 hivi. Kipenyo ni milimita 70.6, kwa hiyo gasketi ya ziada yenye unene wa milimita 1 inakuongezea cc 3.9 tu. Unashuka hadi 9.1, nami ningetaka uwe 8.5. Isitoshe, umeharibu mwanya kati ya pistoni na sehemu bapa ya hedi, ambao unatakiwa uwe karibu milimita 1. Mwanya huo ndio unaobana hewa na petroli na kuzirusha kuelekea kwenye plagi ziungue haraka. Ukiupanua, mchanganyiko unabaki pembeni, unapata joto, kisha unalipuka wenyewe; huko ndiko kugonga. Ulikukimbia, ukaenda kukutana nako mbele.

Injini moja ya namna hiyo niliifungua mwenyewe. Gasketi zilikuwa zimeliwa kati ya silinda ya pili na ya tatu, na pistoni moja imemeguka ukingo baina ya ringi ya kwanza na ya pili. Vipande nilivitoa kwa koleo.

Wewe unahitaji cc 7 hivi zaidi. Tafuta pistoni zenye bakuli kubwa, au panua chemba, yaani shimo la kuunguzia lililo ndani ya hedi, upande wa plagi na kulainisha kila ncha kali, bila kugusa ile sehemu bapa. Pima ujazo: funika chemba kwa kipande cha plastiki angavu, kisha uijaze kimiminika kwa sirinji. Chemba zote nne zisipishane zaidi ya cc 0.2.

Hedi yenye namba 12G940, ya injini kama yako, hupatikana na valvu za kuingiza za milimita 33.3 au 35.6. Chukua za 33.3. Hewa yako inasukumwa, na chuma kinachobaki kati ya siti, pale valvu zinapokalia, ndicho kinachozuia ufa. Kazi kubwa ifanye upande wa ekzosi, hasa njia ya katikati, maana silinda mbili zinatolea moshi hapo hapo. Weka siti ngumu za ekzosi kwa ajili ya petroli isiyo na risasi. Njia za kuingiza ziache na mkwaruzo mwepesi. Kwenye ukuta unaong'aa petroli hutiririka badala ya kupeperuka na hewa.

Na jihadhari na hizi hedi zinazouzwa kama "za mbio". Nyingi zimekwanguliwa uso ili kupandisha mgandamizo, kwa hiyo chemba ni ndogo na chuma kimepungua, kinyume kabisa na mahitaji ya supachaja yako. Muulize muuzaji chemba zina cc ngapi. Akikadiria kwa macho, mwachie hedi yake.