Vikosi Vilivyoangamizwa Virudishwe Mezani?

SWALI: Ninafundisha upangaji wa mkakati katika chuo cha maofisa waandamizi wa jeshi. Katika mazoezi yetu ya kuigiza vita, wanafunzi, ambao wengi wao wamekwisha kuongoza brigedi, hukasirika mwamuzi anapotamka kuwa mpango wao umeshindwa, nasi mara nyingine huvirudisha vikosi vilivyoangamizwa ili zoezi liendelee. Je, tunakosea?

JIBU: Ndugu mkufunzi, kuvirudisha vikosi si kosa, maana siku tatu za mafunzo haziwezi kuishia asubuhi ya kwanza. Kosa ni kuvirudisha bila kuuliza vilipoteaje.

Mei 1942, ndani ya manowari Yamato, maofisa wa jeshi la majini la Japani waliujaribu mezani mpango wao wa kuishambulia Midway, kituo cha Marekani kisiwani katika Bahari ya Pasifiki. Inasimuliwa kwamba mwamuzi alirusha dadu, ndege za Marekani zikahesabiwa kuwa zimepiga mabomu 9, na meli mbili za Japani za kubebea ndege, Akagi na Kaga, zikatangazwa kuwa zimezama. Admeral Matome Ugaki, aliyesimamia zoezi hilo, aliyapunguza mabomu hadi 3, Akagi ikanusurika, na baadaye hata Kaga ikarejeshwa mchezoni. Mwezi uliofuata, katika vita halisi, zote mbili zilizama baharini, pamoja na nyingine mbili za aina hiyo, Soryu na Hiryu. Dadu haikuwa imetabiri lolote. Ilikuwa imeuliza tu ingekuwaje kama ndege za adui zingetokea mahali na wakati usiotarajiwa, na swali hilo ndilo lililostahili kujadiliwa usiku kucha.

Kwa hiyo, kabla ya kila zamu, kila ofisa aandike kwenye karatasi mambo mawili: anadhani adui atafanya nini, na ni habari gani ikimfikia itamfanya aubadili mpango wake. Karatasi zikusanywe kabla mwamuzi hajasema neno. Vikosi vikirudishwa, sababu ya kupotea kwake iandikwe ubaoni na ibaki hapo hadi kikao cha tathmini, ambacho ningekitengea muda usiopungua ule wa mchezo wenyewe, kwa sababu hapo ndipo ofisa hugundua, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwamba alipanga mashambulizi ya siku kumi akiwa na mafuta ya siku sita. Katika kikao hicho mwenye cheo kikubwa azungumze mwisho; akianza yeye, walio chini yake watamuunga mkono, nawe hutajua walichokuwa wanakifikiri.

Hasira uliyoitaja isikutishe. Prussia, ufalme wa zamani wa Wajerumani, ilipoanza kuwafundisha maofisa wake kwa mchezo wa vita mwaka 1824, mwamuzi tayari alikuwapo kati ya pande mbili, na uamuzi wake ulikuwa lazima umuudhi mmojawapo. Jambo ninalokusihi zaidi ni kuhusu upande wa adui: usiwape wanafunzi dhaifu ili wakamilishe idadi. Mpe ofisa wako hodari kuliko wote, kisha mruhusu ashinde.